Kazi Iogopwayo na Saa ya Kwanza

Katika jumla ya kazi zimkabilizo mja kila kunapopambazuka, aghalabu huwamo moja ambayo moyo huijua kabla macho hayajaiona: barua ya kumjibu mdai, hesabu za chama zilizokaa bila kufungwa, safari ya hospitali ya kwenda kuonyesha uvimbe uliogunduliwa wakati wa kuoga, wosia usioandikwa ilhali watoto ni wa mama wawili na nyumba ni moja. Kazi hiyo si lazima iwe ndefu kuliko nyingine, wala haitaki nguvu nyingi za mwili, na pengine saa moja ingetosha kuimaliza. Lakini ndiyo ipitwayo kila siku, na kila ipitwapo huacha nyuma yake unyonge usiosemeka, unaofuatana na mtu sokoni, msikitini na hata kitandani. Mas'ala ninayokusudia kuyachambua ni haya: kwa nini mtu mwenye akili timamu, ajuaye limfaalo na limdhurulo, huikimbia kazi hiyo hasa, na je, ile kanuni isemayo kwamba kazi iogopwayo zaidi itangulie kutendwa ni dawa ya kweli, na kama ni dawa, ni ya maradhi gani, na mipaka yake iko wapi.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea, nayo ni kuwa kila mwenye kuahirisha ni mvivu. Mvivu hulala, mwenye kuahirisha yu macho na ana shughuli tele. Mtazame fundi cherehani katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ukutani zimetundikwa kanzu za watoto, chini ya meza liko fungu la suruali za kupunguzwa urefu, na juu ya rafu, limekunjwa kwa uangalifu, liko koti lililokatwa tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Kitambaa chake kililetwa na mwenyewe kutoka mbali, na baada ya kukatwa hakikusalia kipande cha kufidia kosa. Fundi ajua kuwa shida ya koti haiko mgongoni wala mfukoni. Iko begani, mahali mkono unapoungwa na tundu la kwapa, maana duara la juu la mkono hukatwa kubwa kuliko tundu linaloupokea, na ile ziada lazima ifinywe kidogo kidogo na kulainishwa kwa pasi mpaka ikae pasipo kufanya mkunjo, ama sivyo koti zima, hata likiwa na bitana ya hariri, litaonekana kama la kuazima. Basi fundi hushika suruali. Huzipunguza, hushona vifungo, hubadili zipu, hufagia vipande vya nyuzi, na jioni humkuta amechoka kwa haki, kwani amefanya kazi kweli. Mwenye koti akija huambiwa arudi kesho, na neno hilo halisemwi kwa hila, kwa sababu fundi mwenyewe huliamini wakati wa kulisema.

Kinachomwepusha fundi na rafu ile, basi, ni kule kupimwa. Suruali hazimpimi, kwa kuwa amekwisha kuzishona mia. Koti litamwambia yeye na mwenye koti, mbele ya kioo, kiasi cha ujuzi wake. Vivyo hivyo barua kwa mdai itampima mwenye deni, mizani ya hospitali itampima mgonjwa mwili wake, na kurasa za tasnifu zitampima mwanafunzi ambaye tangu shule ya msingi ameitwa hodari. Kazi ndogo ndogo zina fadhila ya kuwa na sura ya bidii, na kwa ajili hiyo ni maficho mema kuliko usingizi: aliyelala husutwa na nafsi yake, lakini aliyepanga makabati, akajibu salamu zote za simu na kusafisha dawati hana wa kumsuta mpaka muhula uishe.

Wahenga wetu hawakulipuuza jambo hili. Walituambia kuwa ajizi ni nyumba ya njaa, kuwa liwezekanalo leo lisingoje kesho, na kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Maonyo hayo ni ya haki, ila yote hutazama mwisho wa safari, yaani hasara, na hayasemi sana juu ya mwendo wenyewe, yaani kile kinachotendeka ndani ya mtu tangu siku ya kwanza ya kuahirisha hadi ya mia. Aliyelieleza hilo kwa ubora, kwa maoni yangu, ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika ule mlango wa toba wa kitabu chake cha Ihyaa ambacho wanazuoni wa pwani yetu wanakijua vema. Anamfananisha mwenye kuahirisha na mtu aliyetakiwa kung'oa mti, akauona una mizizi imara, akasema atarudi mwaka ujao, ilhali ajua kuwa mti kila ukikaa huzidi kushika ardhi, naye kila akiishi huzidi kudhoofika. Katika mfano huo mambo mawili huenda kwa wakati mmoja na kwa njia zinazoachana. Barua iliyotakiwa kujibiwa katika juma moja ilihitaji mistari mitatu. Baada ya miezi mitatu yahitaji mistari ile ile pamoja na ukurasa mzima wa kuomba radhi, na anayepaswa kuiandika sasa ni mtu aliyejiona mara nyingi akishindwa kuiandika. Kazi imekua, na mtenda kazi amepungua.

Wataalamu wa zama zetu wamefika karibu na hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1991 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala iliyoanza kwa kisa chake mwenyewe. Alikuwa akiishi India kwa mwaka mmoja, akatembelewa na rafiki yake Joseph Stiglitz, ambaye kwa sababu ya masharti ya mizigo ya ndege aliacha sanduku la nguo ili litumwe kwake baadaye. Akerlof alikadiria kuwa kulituma kungemgharimu siku nzima, na kwa zaidi ya miezi minane aliamka kila asubuhi akakata shauri kuwa kesho yake ndiyo siku ya kulipeleka. Mwishowe sanduku likasafiri ndani ya shehena ya rafiki mwingine aliyekuwa akirejea. Watu hawa wawili si wajinga wala wazembe: mwaka 2001 walipewa pamoja na mwenzao mmoja tuzo ya Nobel ya uchumi. Funzo alilolitoa Akerlof ni kwamba taabu ya leo iko mbele ya macho na huonekana kubwa, hali hasara ya kungoja siku moja zaidi ni ndogo sana, hata uamuzi wa kila siku, ukipimwa peke yake, hauna kosa kubwa. Kosa limo katika jumla, na jumla haina siku yake maalumu ya kuonekana.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala ya mwaka 2013, walieleza kuwa kuahirisha ni njia ya kutengeneza hali ya moyo kwa muda mfupi: kazi huleta fadhaa, mtu huiweka kando, fadhaa hutulia papo hapo, na utulivu huo huwa ndio ujira unaomfunza kufanya hivyo tena. Gharama hubebwa na yule atakayekuwa yeye siku zijazo. Pychyl na wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 2010, kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada, kwamba waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza walipunguza kuchelewa walipojiandaa kwa wa pili. Hili laweza kumshangaza mzazi au mwalimu aliyezoea kuamini kuwa ukali ndio dawa, lakini ukilitafakari halina ajabu: ikiwa mtu huikimbia kazi kwa sababu inamtia uchungu, basi kumwongezea lawama ni kuongeza uchungu ule ule anaoukimbia. Nasikitika kila ninapoona kijana aliyechelewa kidogo akidhalilishwa mbele ya wenzake kwa kudhani kuwa aibu itamfanya awahi. Mara nyingi humfanya asirudi kabisa.

Sasa tuje kwenye dawa. Kanuni ya kuanza na liogopwalo imezunguka dunia katika mavazi mengi. Mwandishi Mfaransa Chamfort, aliyefariki mwaka 1794, alimnukuu bwana mmoja aitwaye Lassay juu ya kumeza chura asubuhi ili mtu asikutane na la kumchukiza zaidi katika siku ile. Wasemao Kiingereza wakalihamishia neno hilo kwa Mark Twain bila ya kuwa na ushahidi wa kutosha kuwa alilisema, na mwaka 2001 Brian Tracy akalifanyia kitabu kilichosomwa sana na wafanyabiashara. Mkulima wa kwetu hakuhitaji kitabu hicho. Huamka alfajiri, akasali au akaomba kwa dini yake, akaenda shamba wakati umande ungali majanini, na ngwe iliyo ngumu, yenye visiki au udongo ulioshikana, huipa saa hizo za baridi, kwa maana ajua kuwa jua likipanda saa tano halitauliza ni kazi gani imesalia. Kazi za kivulini, kama kutia mpini jembe au kuchambua mbegu, huziacha kwa ajili ya kivuli.

Kwa mtu wa kalamu na ofisi, ambaye jua si hakimu wake, sababu za kutanguliza liogopwalo ni nyingine. Asubuhi bado haijaingiliwa na haja za wengine: simu haijalia, mgeni hajabisha, mkubwa wa kazi hajatuma neno. Lakini sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba hofu hutoza ushuru kila saa. Mwenye kuipanga kazi yake ya kutisha saa kumi za jioni ataifanya kazi hiyo mara mbili, mara moja kwa moyo kutwa nzima na mara moja kwa mkono jioni, ikiwa mkono utafika. Naye aliyeianza saa mbili za asubuhi amesitisha ushuru huo, na kazi zote zifuatazo huzifanya akiwa na nafsi nzima.

Ila neno kuanza lataka kufasiriwa, na hapa turudi kwa fundi wetu, kwa kuwa ufundi wenyewe umebeba jawabu. Fundi aliye mzoefu haendi moja kwa moja kwenye cherehani na bega la koti. Hupiga bandi: hushona kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu isiyokazwa, akaliunga bega na mkono, akalivika koti begani mwa mtu, akatazama. Likikaa vibaya, uzi ule huvutwa ukatoka wote pasipo kuacha jeraha kitambaani, na kazi huanza upya. Sehemu kubwa ya hofu ya kazi kubwa ni hofu ya tendo lisilorudishika, na namna ya kuivunja ni kutafuta tendo la kwanza ambalo laweza kufutwa: rasimu ya barua ambayo haitatumwa leo, orodha ya mali na warithi iliyoandikwa kwa penseli, kumpigia muuguzi simu kuuliza tu kliniki hufunguliwa siku zipi. Anayejilazimisha kumaliza jambo zito kabla ya staftahi hujiwekea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, na siku ya tatu atakuwa amerudi kwenye suruali. Anayejitaka apige bandi tu hana udhuru.

Na pale ambapo asubuhi ya leo haiwezekani, isemwe lini na wapi. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwataka wanafunzi waandike taarifa ya namna walivyoupitisha mkesha wa Krismasi, na waifanye ndani ya saa 48 baada ya siku hiyo, siku ambazo kila mtu hupenda kukaa na jamaa zake. Nusu yao walitakiwa pia waandike ni saa ngapi na mahali gani wataifanya. Katika hao, takriban robo tatu walitimiza. Katika wale waliobaki na nia tupu walitimiza thuluthi moja tu. Azma isiyo na saa wala mahali ni dua njema, nayo haina miguu.

Mipaka ya kanuni hii ni mingi, na wanaoihubiri huipita haraka mno. Mwanamke akaangaye mandazi huwasha moto saa kumi za usiku, akawaandalia watoto uji, akawasindikiza, akauza mpaka jua lishike. Kumwambia kwamba saa yake ya kwanza aiwekee lile aliogopalo ni kusema na mtu ambaye saa yake ya kwanza si yake. Kwa huyu, saa ya kwanza ni ile ya kwanza iliyo mikononi mwake, hata ikiwa ni saa nane mchana baada ya kuosha karai, na watu wa nyumbani wana dhima ya kumlindia saa hiyo. Mvuvi naye hufuata bamvua na maji mafu, na muuguzi wa zamu ya usiku aanzaye siku magharibi hana alfajiri ya kuanzia. Tena hofu si mizani kamili ya thamani: yako mambo ya kuogopesha ambayo hayastahili kufanywa kamwe, na kuyatanguliza kwa ajili tu ya kuogopesha kwake ni ushupavu usio na faida. Swali la kuuliza ni nani ataumia jambo hili lisipofanyika, na ataumia lini.

Lakini mpaka ninaouona kuwa mkubwa kupita yote ni huu: si kila ucheleweshaji ni wa mcheleweshwaji. Mwaka 2019 Tanzania iliagiza laini zote za simu zisajiliwe upya kwa alama za vidole, kazi iliyoanza Mei 1 na kupangiwa kumalizika Desemba 31. Mwezi wa Desemba foleni zilikuwa ndefu, na wengi walisema, kwa wepesi, kuwa ndiyo tabia yetu ya kungoja dakika ya mwisho. Walisahau kuwa usajili ule ulitaka kitambulisho cha taifa au nambari yake, na kwamba watu chungu nzima walikuwa wamekwisha kuomba wakawa wanangoja kupewa. Muda ukaongezwa siku 20, hadi Januari 20, 2020. Mtu aliyesimama katika foleni ile akiwa na risiti ya maombi ya miezi kadhaa mfukoni hakuhitaji mawaidha juu ya asubuhi. Tofauti yake na yule Mkenya mwenye nyaraka zote, asiye na kodi ya kulipa, ambaye taarifa yake ya kodi ingemchukua muda mfupi tangu mwanzo wa mwaka lakini huifungua usiku wa kuamkia Juni 30, siku ya mwisho, wakati mtandao umeelemewa, ni tofauti ya asili, na hukumu moja haiwafai wote wawili.

Mambo haya mawili huchanganyika kwa uchungu zaidi katika maradhi. Madaktari wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kuwa wagonjwa walio wengi hufika saratani ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba ni ngumu na matumaini ni haba. Ndani ya kuchelewa huko mna umbali wa mikoa, nauli, kukosekana kwa vipimo karibu, ushauri wa waganga wengine. Na mna pia mwanamke aliyekaa na uvimbe miezi, akifua, akipika, akihudhuria harusi na matanga, bila ya kumwambia yeyote, kwa kuwa maadamu haujatajwa bado ungeweza kuwa si kitu. Huyu hataki kuitwa mzembe. Amefanya kwa mwili wake lile fundi alifanyalo kwa koti, na hofu yake ina sababu kubwa kuliko ya fundi. Anachohitaji ni zahanati iliyo karibu, muuguzi asiyefoka, na dada au shoga wa kumwambia, "Twende pamoja kesho saa moja, nitakupitia." Safari ya watu wawili iliyotajiwa saa ina uzito wa ahadi, na wengi ambao wasingejipeleka wenyewe wamepelekwa na haya ya kumwangusha mwenzao aliyekwisha kuvaa buibui na kusimama mlangoni.

Iko faida moja ya kutanguliza liogopwalo ambayo naona haitajwi inavyostahili, nayo haihusu ushujaa wala utulivu wa moyo. Kazi ngumu huficha ndani yake mahitaji yasiyojulikana mpaka iguswe. Mwanafunzi anayefungua sura ya utafiti wake miezi sita kabla ya muhula kwisha hugundua kuwa kibali cha kuhoji watu wilayani bado hakijaombwa, na ana muda wa kukiomba. Yule anayeifungua juma la mwisho hugundua jambo lile lile bila ya muda. Fundi aliyepiga bandi tarehe ishirini ya Ramadhani akaona bitana imepungua shubiri moja anaweza kutuma dukani kabla duka halijafungwa kwa sikukuu. Mwenye kuandika wosia akiwa mzima hukuta kuwa hati ya kiwanja imo kwa jina la marehemu babu yake, na kwamba kabla hajawagawia wanawe lazima mirathi ya babu ifunguliwe mahakamani, shauri litakalotaka mashahidi ambao leo wangali hai, wana akili zao, na wanakumbuka nani alinunua nini.